Risasi Tatu, Tembe Sita na Kikapu cha Watu

Kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu. Mimi ni mtunza stoo katika ghala moja la vipuri vya magari karibu na Barabara ya Enterprise jijini Nairobi, Kenya, na kila mwisho wa mwezi hujifungia humo siku nzima na karatasi na kalamu, nikaanza na rafu ya kwanza na kumalizia na ya mwisho, fani belti na bereki na filta za mafuta, mpaka macho yawe mazito. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba kilichomo ghalani ni mali na kilichopungua ni hasara. Aliyenionyesha kwamba kanuni hiyo ina mpaka wake hakuwa mkaguzi wa hesabu. Alikuwa babu yangu mzaa baba, tuliyemwita Guka, ambaye mwezi wa Aprili 1954 alikaa siku tisa peke yake, kabla msaada haujamfikia, katika pango la msitu wa Karura akiwa na tundu la risasi katika shavu la mguu, na kila asubuhi akatandaza koti lake juu ya mwamba na kuhesabu alivyokuwa navyo.

Nilikua nikiamini kwamba lile kovu lilitokana na msumari. Ndivyo alivyotuambia sote, na nyanya yangu pia alishikilia habari ya msumari bila kupepesa macho. Vuguvugu la Mau Mau, lililopigana na utawala wa Waingereza, liliendelea kuwa marufuku kisheria miaka 40 baada ya uhuru, hadi mwaka 2003 marufuku hiyo ilipoondolewa, na ni baada ya hapo tu Guka alipoanza kusimulia, akiwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake ya Bahati, na redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisa kilibadilikabadilika. Mara doria ilikuwa na askari wanne, mara saba. Mara mvua ilikuwa kubwa, mara ilikuwa manyunyu. Orodha ya vitu haikubadilika hata mara moja, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko mengine yote.

Asubuhi ya kwanza, Ijumaa tarehe 23, juu ya koti palikuwa na unga wa mahindi uliofungwa katika kitambaa, vikombe 3 kwa kukadiria. Palikuwa na chumvi ya mawe ndani ya karatasi ya gazeti, ya kujaza kiganja. Palikuwa na njiti 11 za kiberiti, na kiberiti chenyewe kilikuwa kimekwaruzwa upande mmoja hadi hauwaki tena. Kisu kifupi. Mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ambao ndio uliokuwa sufuria. Shilingi 4 na senti kadhaa, zikiwemo zile sarafu za senti kumi zenye tundu katikati, alizozitunga kwenye uzi zisilie mfukoni. Hati yake ya kazi, ambayo wazee waliendelea kuiita kipande hata jina hilo lilipokuwa limepitwa na wakati. Tembe 6 nyeupe. Na risasi 3 za bunduki ya .303, bila bunduki.

Hizo risasi ndizo zilizompeleka huko. Guka hakuwa mpiganaji wa msituni, na alichukia kuitwa jenerali na vijana wa mtaa waliotaka kumvika heshima isiyo yake. Alikuwa mchukuzi wa mizigo katika ghala (jambo ambalo hunichekesha, kwa kuwa ghala hilo halikuwa mbali na ninapofanya kazi leo), na baada ya saa za kazi alikuwa mjumbe: alipokea kitu Pumwani, akakifikisha kwa mtu ukingoni mwa msitu, asiulize jina wala asiulizwe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu tarehe 20 Oktoba 1952, na Mwafrika aliyeonekana nje baada ya saa zilizowekwa alikuwa amejitafutia. Usiku wa Alhamisi tarehe 22 alichelewa, doria ikamwona anavuka Mto Mathare, ikafyatua. Risasi iliingia upande mmoja wa shavu la mguu wa kushoto ikatokea upande wa pili bila kugusa mfupa. Alisema hakusikia maumivu kwanza, alisikia joto, kama mtu aliyemwagiwa uji. Alijiburura usiku kucha nyuma ya nyua za Muthaiga hadi Karura, na mvua ya masika ikamfutia damu njiani.

Leo mtu huingia Karura kwa kulipa langoni, na mapango yana kibao cha kuelekeza njia. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta watoto wa shule waliovaa sare, wakisukumana kuchungulia gizani kwa matumaini ya kuona popo. Msitu huo ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, na sehemu yake kubwa ikapandwa miti ya kigeni, hasa mikaratusi, kwa hiyo Guka hakujificha katika pori lisilojulikana. Alijificha katika shamba la miti la serikali, saa chache za kutembea kutoka mjini, mahali ambapo watu waliingia kihalali kutafuta kuni. Huo ndio uliokuwa usalama wake na ndiyo iliyokuwa hatari yake.

Sasa turudi kwenye koti. Hesabu ya stoo ya kawaida hujibu swali moja tu, nalo ni kwamba vipo vingapi. Hesabu ya mtu aliyejificha hulazimika kujibu mawili kwa mpigo, na majibu yake hayapatani: kipi kitaniweka hai, na kipi kitaninyongesha nikikamatwa nacho. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na silaha au risasi bila idhini lilikuwa kosa la kifo, na haikuhitajika kuthibitishwa kwamba umemdhuru mtu yeyote. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa katika miaka ile, na wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua. Walipatikana na vitu, au walipatikana pamoja na watu wenye vitu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau. Naye alikuwa mtoro aliyejeruhiwa: alipigwa risasi mguuni asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956 karibu na Nyeri, akabebwa kwa machela akiwa na vazi lake la ngozi ya chui. Mtu angetarajia kwamba kiongozi aliyesakwa miaka minne angeshtakiwa kwa vita vyenyewe, lakini mashtaka yaliyosomwa Nyeri yalikuwa mawili, na yote mawili yalihusu vilivyokuwa mwilini mwake: bastola moja, na risasi 6. Kwa orodha fupi kama hiyo alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Guka alikuwa na nusu ya risasi hizo, na bastola hakuwa nayo, na alilijua hesabu lake vizuri.

Lakini kabla ya kitanzi palikuwa na jeraha, na jeraha halingojei. Hapo ndipo chumvi ilipoanza kuwa na thamani kuliko unga. Dresa mmoja wa zahanati, ambaye ndiye aliyempa zile tembe wiki chache kabla bila kujua zitamfaa nani, alikuwa amemfundisha kwamba maji ya kuoshea kidonda yachemshwe, yatiwe chumvi, na yaonjwe: yakiwa na ladha ya machozi yanatosha, yakizidi hapo yanachoma nyama. Dada yangu ni muuguzi, na nilipompelekea maelezo haya nikitarajia acheke, hakucheka. Aliniambia kwamba maji ya chumvi wanayotumia wodini huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita moja, na kwamba machozi ya binadamu yanakaribia sana kiwango hicho. Dresa hakuwa na mizani, alikuwa na ulimi, na ulimi ulitosha.

Kuchemsha maji, hata hivyo, kunataka moto, na moto wa mchana hutoa moshi, na wa usiku hutoa mwanga. Guka alichagua alfajiri, dakika zile ambapo ukungu wa mtoni umepanda hadi kwenye matawi na moshi kidogo hauwezi kutofautishwa nao. Asubuhi ya kwanza kuni zilikuwa zimelowa akaharibu njiti tatu. Hapo alikaa akatazama zile nane zilizobaki kwa muda mrefu, kisha akazitia nyweleni chini ya kofia, kwa sababu katika pango zima palipokuwa pakavu ni kichwani pake tu. Tangu siku hiyo alifukia makaa ndani ya jivu kila baada ya kuchemsha, na siku mbili yalimwamkia yakiwa hai. Alipokuwa akisimulia sehemu hii alikuwa na tabia ya kujipapasa kichwa, ambacho kufikia wakati huo hakikuwa na unywele hata mmoja.

Tembe nazo zilikuwa za M&B, dawa ya kampuni ya May & Baker ya Uingereza iliyotumika sana kabla penisilini haijaenea. Guka alizithamini kama dhahabu. Dresa alikuwa amemwonya kwamba anayezimeza sharti anywe maji mengi, la sivyo zitamwumiza figo, na onyo hilo lilikuwa la kweli. Kwa hiyo kila usiku alitambaa hadi mtoni na mkebe, akanywa mpaka tumbo likamwuma, akameza moja. Moja kila siku, kwa siku sita. Dada yangu alishika kichwa. Ugonjwa mkubwa ulitibiwa kwa makumi ya tembe hizo zilizomezwa kila baada ya saa kadhaa, alisema, na kumeza moja kwa siku ni kuwatekenya bakteria tu. Kwa maoni yake kilichomwokoa ni yale maji ya chumvi ya kila alfajiri, na kwamba tundu lilikuwa wazi pande zote mbili na usaha ukapata njia, na kwamba kwa bahati tu pepopunda haikumwingia. Mimi ninamwamini dada yangu. Guka aliamini tembe hadi alipofariki, na sikuona faida ya kumnyang'anya imani hiyo.

Unga hauna mengi ya kusimuliwa: theluthi ya kikombe kwa siku, uji mwepesi, bila sukari.

Jumamosi jioni alitazamia kijana kutoka Pumwani amletee chakula. Walikuwa wameshaafikiana mapema kwamba likitokea la kutokea, mahali ni hapo na siku ya kwanza ni Jumamosi. Kijana hakuja. Jumapili hakuja. Guka alifikiri ameuzwa, na aliniambia kwamba siku hiyo alihesabu vitu vyake mara tano, ilhali alijua vizuri kwamba havijaongezeka. Nilimwuliza kwa nini. Alisema kwamba mikono iliyoshika kitu cha kuhesabu haiwezi kumshawishi mwenye nayo ainuke atoke, na mguu wake, mjinga kama ulivyokuwa, ulikuwa umeshaanza kumwambia kwamba unaweza kutembea.

Asichokijua ni kwamba alfajiri ya Jumamosi hiyo, tarehe 24 Aprili 1954, jiji lote lilikuwa limefungwa. Operesheni Anvil ilileta askari wa jeshi na polisi wapatao 25,000 waliouzingira mji, kisha wakaupekua mtaa baada ya mtaa, wakiwatoa nje Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapanga mistari. Watu walipitishwa mbele ya gakunia, wale wasaliti waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na aliyetikiswa kichwa aliwekwa upande wake. Maelfu kwa maelfu walipelekwa Langata kuchunguzwa, na kutoka huko wengi wakasafirishwa hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Simulizi za waliochukuliwa hutaja kwamba mtu aliruhusiwa kubeba mzigo mmoja tu, na kila ninapozisikia huwawazia watu wale, kila mmoja chumbani pake, wakipewa dakika chache kufanya hesabu ambayo Guka aliifanya kwa siku tisa. Kijana wa Pumwani alikuwa katika mstari huo. Guka naye angekuwa humo kama doria ya Alhamisi ingelenga vibaya. Hakupenda nilitaje jambo hili, kwa sababu aliona ni kama kumshukuru aliyempiga.

Kipande alikichoma asubuhi ya nne, akakitumia kuwashia moto na hivyo kuokoa njiti moja. Aliwaza hivi: mtu mzima asiye na hati hukamatwa barabarani, lakini yeye hangefika barabarani na mguu ule, na mtu aliyejeruhiwa akipatikana na hati, jina huwafikisha askari kwa mama yake kabla ya jua kutua. Kupata hati nyingine kulimgharimu miaka ya kubabaika. Hata hivyo hakuwahi kujuta, na nikiipima hesabu hiyo naona ilikuwa sawasawa.

Kuhusu risasi, sikubaliani naye hadi leo. Mto ulikuwa hatua chache. Risasi tatu zikitupwa mtoni, upande mmoja wa orodha ungekuwa umefutika, na angekamatwa kama mtoro wa kawaida mwenye kidonda, ambaye pengine angefungwa lakini si lazima anyongwe. Yeye alizichimbia. Usiku wa Jumatatu alitambaa mbali na pango, hatua arobaini kwa kukadiria, akachimba kwa kisu chini ya mzizi, akazifunga kwa ile karatasi ya gazeti na kuifanya chumvi yake ibaki wazi ndani ya kofia, kisha akarudi na kidonda kikiwa kimefunguka upya na kutoa damu. Kwa siku mbili alifika mtoni kwa shida kubwa. Yote hayo kwa vipande vitatu vya shaba ambavyo hakuwa na bunduki ya kuvitumia, na ambavyo wapiganaji wenyewe wangevitia katika bunduki za kuundwa kwa bomba la maji na komeo la mlango, zile zilizoweza kumlipukia mpigaji mkononi kabla ya kumfikia adui.

Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Alinitazama kama mtu anayemtazama karani.

"Wewe huko kazini," akasema, "kitu kikiharibika unakitupa?"

Nikamjibu kwamba hapana, Guka, lazima meneja atie sahihi kwanza ndipo kitolewe kwenye vitabu.

"Basi. Mimi sikuwa na wa kunitilia sahihi."

Siku ya tisa, Jumamosi, unga ulikuwa umebaki wa kufunika kiganja na njiti zilikuwa mbili. Alfajiri alisikia hatua, akashika kisu, akajibanza ukutani. Hakuwa kijana wa Pumwani. Alikuwa mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kumwona, mmoja wa wale waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa upande wa Kiambu, na mgongoni alikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba ya kichwani kama mtu yeyote aliyekuja kwa shughuli zake. Aliweka kikapu chini mlangoni mwa pango. Hakuchungulia ndani. Aligeuka akatazama mtoni na kusema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba kuna viazi saba, nusu mkate, na kitambaa kisafi, na kwamba avitoe upesi kwa sababu kikapu ni cha watu.

Guka alinieleza kwamba katika siku zote tisa kikapu hicho ndicho kitu pekee kilichomshinda kukipanga. Alivitoa viazi kimoja kimoja akavihesabu, vilikuwa saba kweli, akakisukuma kikapu nje kwa fimbo ili mkono wake usionekane. Mwanamke akakitia juu ya kuni na kwenda zake. Alikuja tena mara tatu katika siku zilizofuata, na kila mara alitaja idadi, akageuzia uso mtoni, akangoja kikapu. Mwanamke akionekana asubuhi akiingia msituni na kikapu, na jioni akatoka bila kikapu, ataulizwa amemwachia nani. Na kosa la kumpelekea chakula mtu kama Guka nalo lilikuwa na kamba yake. Guka hakuijua sura ya mwanamke huyo, wala jina lake, wala ni nani aliyemtuma. Miaka mingi baadaye, kila alipopita sokoni Kiambu, alikuwa akitega sikio kwa sauti za akina mama wanaohesabu viazi.

Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya miaka ile, na sehemu ya makubaliano ikawa kujenga mnara wa kumbukumbu katika bustani ya Uhuru, ambao ulizinduliwa tarehe 12 Septemba 2015. Guka hakuwa miongoni mwa walalamikaji kwa kuwa hakuwahi kukamatwa. Wiki chache baada ya uzinduzi aliniomba nimpeleke. Tulipanda matatu hadi mjini, tukatembea polepole kutoka kituoni, naye akiegemea bega langu upande wa mguu wa kushoto. Katikati ya mnara pamesimama sanamu mbili: mwanamke anampa mpiganaji chakula, na kila mmoja ametazama upande wake, ili asimjue mwenziwe na asiweze kumtaja akiteswa.

Aliisimamia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliizunguka mara moja, akarudi mbele, akainama kidogo kuangalia ile mikono. Nilidhani analia, kumbe jua lilikuwa machoni.

"Wamepatia," akasema. "Lakini mbona hawakuonyesha anavyorudishiwa chombo chake?"